Gari Lililopaki Halipumziki

Hii ni hotuba niliyoitoa Jumapili kwenye mkutano wetu wa mabaharia na familia zao hapa Tanga. Wengine mlikuwa majini, wengine mlikuwa zamu, mkaniomba niiweke yote. Nimeiandika kama nilivyoisema, zile picha za ukutani nimeziacha, maneno yanatosha.

Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Wazee wangu shikamooni. Dada zangu na wadogo zangu, poleni na joto.

Mimi ni fundi, mnanijua, gereji yangu ipo Ngamiani na mwaka huu ni wa 22 nipo chini ya magari ya watu. Kuongea mbele ya kadamnasi siyo kazi yangu, ila leo nafasi nimeiomba mwenyewe kwa sababu kuna kitu kinaniuma na nimechoka kukibeba peke yangu.

Baharia anasaini mkataba wa miezi tisa. Anakula jua la Ghuba, anapigwa na mawimbi, sikukuu zote anazisikia kwenye simu, hela anatuma nyumbani, na kidogo kidogo ananunua gari, IST au Noah au Rav4, mara nyingi ndo gari la kwanza kwenye ukoo mzima. Anakuja likizo miezi miwili. Siku ya kwanza anapiga stata, kimya. Wiki tatu za ile likizo yake anazimalizia kwangu kwenye benchi akiangalia boneti iliyo wazi, badala ya kuwa na wanae. Na ukiuliza gari lilipata ajali? Hapana. Liliibiwa kitu? Hapana. Lilifanya nini sasa? Lilikuwa limepaki tu!

Jamani, nawauliza. Gari lililopaki linapumzika?

Mmejibu ndiyo wengi, nimewasikia. Hapana ndugu zangu. Mtu akilala anaamka na nguvu, gari likilala linaliwa. Hapa kwetu mnaoishi Raskazone na Sahare mnajua wenyewe, ukifuta dirisha la nyumba jioni kitambaa kinatoka na chumvi, sasa ile chumvi haichagui dirisha, inaingia na chini ya gari kwenye bomba za breki, inaingia kwenye vichwa vya betri, na unyevu wetu huu hauondoki hata kiangazi. Gari linalotembea linajikausha lenyewe kwa joto na upepo. Lililopaki nani analikausha?

La kwanza, na hili nitakaa nalo sana maana ndo linaloua gari zenu nyingi, ni kuwasha.

Kila baharia akiondoka anamwambia mtu wa nyumbani maneno yale yale, uwe unaliwasha walau dakika tano kila siku. Nani hapa hajawahi kusema hivyo? Anyooshe mkono. Sioni mkono hata mmoja.

Kuna kijana alikuwa mpishi kwenye meli ya mizigo, IST yake alimwachia mdogo wake, na yule mdogo ni mtoto mtiifu, kila asubuhi kabla hajaenda shule anawasha, anahesabu dakika tano, anapiga resi mbili tatu, anazima, anafunga, miezi tisa hakukosa. Gari likaletwa kwangu likivutwa kwa kamba. Nikafungua kile kifuniko cha kujazia oili. Upande wa ndani palikuwa na ute mzito rangi ya chai ya maziwa, umeganda kama mtindi, nikaupitisha kidole ukavutika, nikaunusa, hausikii oili kabisa, unasikia uchachu. Nikaingia chini na bisibisi, nikaigonga sailensa kwa kitako, ikalia kama kopo bovu, nikageuza bisibisi nikabonyeza kidogo tu, ikazama mpaka kwenye mpini. Ikatoka na maji ya kahawia yakanitiririka mpaka kwenye kiwiko.

Yale maji yametoka wapi? Mvua haingii kwenye sailensa hivyo. Yametoka kwenye petroli yenyewe. Lita moja ya petroli ikiungua inatoa karibu lita moja ya maji, kama mvuke. Mmeona asubuhi gari likiwashwa linadondosha maji nyuma? Ndo hayo. Injini ikiwa ya moto vizuri ule mvuke unatoka wote unaenda zake, lakini injini ya dakika tano haijapata moto, kwa hiyo mvuke unagusa chuma baridi unageuka maji unabaki humo humo, mwingine unapita pembeni ya pistoni unashukia kwenye oili pamoja na petroli mbichi ambayo haikuungua. Leo kidogo, kesho kidogo, miezi tisa. Yule mtoto alikuwa anamwagilia injini ya kaka yake kila asubuhi, na alifanya kwa upendo wote, ndo maana inaniuma.

Na msiniambie mshale wa joto ulikuwa umefika katikati. Mshale unasoma maji ya rejeta, na maji yanawahi, oili inachelewa sana. Oili mpaka ipate moto wa kukausha unyevu gari liwe linatembea, linabeba uzito wake, dakika 20 mpaka 30.

Kwa hiyo neno langu ni hili na naomba mlishike. Liendeshe au liache. Hakuna katikati. Kama yupo mtu wa kuliendesha, kila wiki mbili alitoe, atoke mjini aende mpaka Pongwe na kurudi, siyo kuzunguka mtaani kununua vocha, aende barabara kubwa, apite gia zote, afunge breki kwa nguvu mara kadhaa sehemu salama ili zile diski zijisugue kutu, awashe AC hata kama hasikii joto maana ile gesi inazunguka na oili yake na ndo inayolainisha mipira, ikikaa mwaka bila kuzunguka mipira inakauka gesi inavuja, alafu mnasema AC za siku hizi feki. Apandishe na kushusha vioo vyote vinne. Na kama mtu wa kuliendesha hayupo? Liache. Usiliwashe kabisa, lilaze kwa utaratibu nitakaousema. Liendeshe au liache!

Kabla sijaondoka hapo, wazazi nisikilizeni vizuri. Kama gari lipo ndani ya banda au gereji iliyofungwa, asiliwashe mtu milango ikiwa imefungwa, hata dakika moja, hata mvua inanyesha. Ule moshi una gesi inaitwa kaboni monoksidi, haina harufu, haina rangi, mtu anaanza na kichwa kuuma na usingizi, anasema ngoja nikae kidogo, haamki. Na mara nyingi anayeambiwa akawashe ni mtoto. Mlango uwe wazi kabla ufunguo haujazunguka.

La pili ni betri.

Dada mmoja, mume wake yupo kwenye meli za mafuta, alinijia na betri ya tatu ndani ya miaka miwili. Ameshaambiwa kila kitu, ameshaambiwa betri za siku hizi feki, ameshaambiwa altaneta, ile inayochaji betri gari likiwaka, ni mbovu, kabadilisha altaneta. Mimi nikafunga mita kati ya betri na gari, gari limezimwa, limefungwa, hakuna taa hata moja. Mita ikasoma. Umeme ulikuwa unatoka! Alamu ya kufungishwa mtaani, traka ya kumwonyesha mume gari lipo wapi, redio, saa, kontroli boksi yaani kompyuta ya gari, vyote vinakunywa kidogo kidogo usiku na mchana.

Tupige hesabu pamoja. Gari la kawaida limezimwa linaweza kunywa miliampea 30, yaani kitu kidogo mno, na wala siyo ubovu. Zidisha masaa 24, zidisha siku 30. Unapata kama ampea-saa 21 na nukta. Betri ndogo ya IST au Vitz inabeba ampea-saa 35 hivi ikiwa mpya. Mwezi mmoja tu zaidi ya nusu imeondoka, na hapo sijaweka traka wala alamu. Ni pipa linalovuja tone tone, ukilipita hulioni likivuja, ukirudi baada ya mwezi unalikuta tupu. Na zile dakika tano za kila siku haziwezi kulijaza, betri iliyoshuka inataka kuchajiwa masaa, siyo dakika.

Mtu ananiambia basi ikiisha si tunabusti, tunaiwasha kwa betri ya gari lingine? Ndugu yangu, betri siyo tenki la maji kwamba likiisha unajaza linakuwa kama zamani. Ndani kuna sahani za risasi, na betri ikikaa chini ya chaji panajengeka kitu kama ukoko. Mnaujua ukoko wa wali? Ukiloweka sufuria saa ile ile unatoka, ukiiacha wiki nzima hautoki hata kwa kisu. Betri nayo hivyo hivyo, ikishuka ukaichaji mapema inarudi, ikikaa imeshuka miezi ukoko unakuwa jiwe na pale palipofunikwa hapafanyi kazi tena. Ukiwa na mita ndogo, betri iliyotulia masaa kadhaa ikisoma volti 12.6 imejaa, ikishuka 12.4 ichaji, ikisoma 12.0 tayari unaiua. Na hizi gari za otomatiki mnajua wenyewe hazishtuliwi kwa kusukuma, watu wote wa mtaa wasukume mpaka Bombo haliwaki.

Dawa yake ni spana namba 10. Hii hapa mkononi. Gari nyingi za Kijapani kichwa cha betri kinafunguka na hii. Unafungua hasi, ile yenye alama ya kutoa, kwanza. Kwa nini hasi kwanza? Kwa sababu bodi nzima ya gari ni hasi, spana yako ikiteleza ikagusa chuma ukiwa unafungua hasi hakuna kinachotokea, ukiwa unafungua chanya ikateleza ikagusa bodi inapiga cheche palepale na unaweza kuunguza mkono au kontroli boksi. Kurudisha ni kinyume chake kama ulifungua zote mbili, chanya kwanza, hasi mwisho. Ukishatoa ile hasi, uifunge kitambaa kikavu isirudi kugusa, shusha boneti, funga milango kwa ufunguo wa mkono maana rimoti haitafanya kazi. Saa itapotea, redio itasahau stesheni, hayo madogo.

Kama unataka traka iendelee, basi usichomoe, nunua ile chaja ndogo inayojizima yenyewe ikijaa, uifunge muda wote penye umeme. Haibridi, zile zinazotumia petroli na umeme, usiguse kwa maelezo yangu haya, njoo nikuonyeshe lako peke yake.

La tatu, breki na matairi.

Kuna mama yangu mmoja, mwalimu mstaafu, mwanae yupo majini, Noah ipo nyumbani kwake. Huyu mama anapenda usafi. Kijana alivyoondoka mama akaita watu wakaliosha gari likang'aa, likiwa linachuruzika maji hivyo hivyo likaingizwa chini ya mwembe, hendibreki ikavutwa mpaka mwisho kwa usalama, likafunikwa turubai la nailoni likakazwa kamba. Ilikuwa Machi. Masika yote ikapita juu yake.

Mwezi wa nane kijana karudi, betri kaazima, gari limewaka safi, weka gia, haliendi. Anakanyaga mafuta, gari linachuchumaa nyuma linagoma. Majirani wakasema limeshika kutu tu, lete Fuso livute. Wakavuta. Nilikuwa nimeitwa nipo njiani, nikasikia kabla sijafika, PA! kama bunduki. Nikafungua drami, lile bakuli la chuma la breki, ile bitana ya breki imebanduka yote kwenye chuma chake imebaki imegandia kwenye drami kama kiatu kilichonasa kwenye lami, na kipande kimekatika kimejibana. Siku nne za kazi. Kisa ni nini? Hendibreki na maji.

Kwa hiyo gari linalolala usivute hendibreki. Weka P, au kama ni manyuo, gia za mkono, weka gia, alafu weka kabari za mbao mbele na nyuma ya matairi. Ukiliosha, na ulioshe kweli hasa chini kwa maji baridi ya bomba kutoa chumvi, liendeshe likauke lote kabla hujalilaza. Lile turubai la nailoni likimbize kabisa, linafungia unyevu ndani na likipepea na upepo linasugua rangi kama msasa, bora banda la makuti lenye hewa kuliko turubai. Na chini ya mwembe siyo kivuli cha gari, ule utomvu unakula rangi, majani yanaingia pale chini ya kioo cha mbele yanaziba matundu ya maji, mvua ikija maji yanakosa pa kwenda yanaingia ndani kwenye kapeti.

Matairi yanaisha upepo taratibu hata bila pancha, na uzito wote unakaa sehemu moja mpaka inakuwa bapa. Kabla ya kulaza jaza zaidi ya kawaida, kama lako linatumia PSI 32 weka 38 hivi, usipite namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, na siku ya kulitoa upunguze. Mtu wa nyumbani alisogeze mbele nusu mzunguko kila mwezi, kwa kusukuma tu inatosha. Na mwangalie umri, ubavuni kuna namba nne mwishoni kwenye ule mstari unaoanza na DOT, ukisoma 2316 maana yake wiki ya 23 mwaka 2016. Meno yanaweza kuwa yote yapo na tairi limekufa, gari za kulala ndo zinadanganya hivyo.

Mnaosema mimi naliweka juu ya mawe. Sawa, kwa mwaka na zaidi siyo vibaya, ila siyo juu ya tofali! Tofali la saruji linapasuka bila taarifa, na chini kuna mtoto anafuata mpira. Tumia stendi za chuma, na uziweke kwenye mikono ya chini ya tairi siyo kwenye bodi matairi yakaning'inia.

Mafuta na oili nipite haraka. Oili badilisha kabla ya kulilaza, siyo ukirudi, maana oili chafu ina asidi ndani na itakaa miezi tisa inalamba vyuma. Rejeta iwe na kulanti, yale maji maalum ya kupoza injini, siyo maji ya bomba. Mafuta ya breki yanavuta maji kutoka hewani, kila miaka miwili yabadilishwe hata kama gari halijatembea kilomita. Tenki lijaze, nafasi tupu ndo inayofanya jasho ndani, na wenye dizeli zaidi maana maji yakikaa chini ya dizeli vinaota vijidudu vinaziba filta. Petroli ya miezi mingi inanuka kama vanishi, ukisikia harufu hiyo usiwashe, ishushwe.

La nne ni panya, na naona mmeanza kucheka lakini hili siyo la kucheka.

Prado ya mtu, miezi saba imekaa Chumbageni jirani na stoo ya nafaka. Inawaka lakini inatetemeka, inakosa nguvu. Nikafungua boksi la eyaklina, ile filta ya hewa, nikakuta nyumba. Nyumba kamili ndugu zangu, nyuzi za gunia zimesukwa mviringo, sponji ya kiti imechambuliwa ikawekwa katikati laini kama pamba, pembeni punje za mahindi zimepangwa, na vitoto vitano havijafumbua macho. Nyuma ya injini nyaya za nozeli mbili, zile zinazopuliza petroli kwenye injini, zimetafunwa mpaka shaba inang'aa. Nilikaa na zile nyaya siku mbili nikizifuata moja moja. Panya anataka nini? Giza, joto, kitu cha kutandika, na chakula karibu. Kwa hiyo toa kila kitu ndani, maganda ya karanga chini ya kiti cha mtoto, pakiti ya biskuti, magazeti, vitambaa. Usipaki karibu na banda la kuku wala stoo. Boneti ifunguliwe kila wiki, mwanga uingie, mtu apige mkono huku na huku. Panya hajengi penye usumbufu. Na kabla ya kuwasha gonga boneti, paka naye analala juu ya injini na feni haimuulizi.

Ndani ya gari fungua milango yote minne asubuhi ya jua mara moja kwa wiki. Ule ukungu mweupe unaouona kwenye usukani na mikanda haukuja na gari, ni pumzi yetu ya Tanga hii.

La tano. Mmenisikiliza sana, mmechoka, ila hapa ndo penyewe.

Yote niliyosema yanafanywa na nani? Wewe upo Bahari ya Hindi katikati. Gari unalimwachia mtu. Na sisi huwa tunamwachia mtu ufunguo, hatumwachii kazi. Tunasema uniangalizie gari. Kuliangalia vipi? Naye anaangalia kweli, anachungulia dirishani gari lipo, anashukuru Mungu. Yule mtoto wa IST hakukosa chochote, aliambiwa awashe akawasha. Aliyekosea ni aliyemwambia, na aliyemwambia naye aliambiwa na fundi. Sisi mafundi tumewaambia hivyo miaka mingi, mimi mwenyewe nilisema hivyo zamani, na leo nasimama hapa kuwaomba radhi.

Chagua mtu mmoja. Siyo wote wa nyumbani, mmoja. Awe na leseni, maana unamtuma barabarani, na bima iwe hai muda wote ambao haupo, gari likigonga mtu Pongwe bima imeisha utasikia habari hiyo ukiwa huna pa kushuka. Mwekee daftari kwenye dashibodi. Tarehe, kilomita, upepo wa matairi, alichokiona. Wazee wetu walisema mali bila daftari huisha bila habari, na gari ni mali. Na umlipe. Dada zangu mnaokaa na gari za waume zenu msione aibu kusema hiyo ni kazi. Mtu anayetoa masaa mawili kila wiki mbili kulinda kitu cha mamilioni anastahili chochote, hata mafuta ya bodaboda yake.

Sasa nimalizie na la sita ambalo sikuliandika kwenye karatasi.

Marehemu baba alikuwa na Land Rover 109, ilikaa Muheza nyumbani. Alipofariki, sisi watoto saba hatukukubaliana. Mmoja anataka iuzwe, mwingine anasema gari la mzee haliuzwi, mwingine anasema tusubiri mirathi. Tukasubiri. Kipindi kile ada ya gari ya kila mwaka ilikuwa bado ipo, ilikuja kufutwa mwaka 2017, kwa hiyo gari limekaa halitembei na deni linapanda, na hilo nalo likawa ugomvi mwingine. Mimi fundi nilikuwa naenda kila Idi, nalipita pale uani, nashika bodi naondoka. Sikufungua boneti, nilikuwa naona nikiligusa ndugu zangu watasema nimelichukua. Mwaka wa sita nikafungua mlango wa dereva, mlango ukabaki mkononi kwangu. Bodi ya Land Rover ni aluminiamu haiozi kirahisi, ila fremu chini na bawaba ni chuma, na chuma kilikuwa kimekwisha. Kiti cha baba kilikuwa na mchwa.

Nawaomba wenye gari la marehemu uani mnalosubiria kikao. Kikao kinaweza kuchukua miaka, gari halisubiri kikao. Kubalianeni jambo moja tu kabla ya yote, nani analitunza kwa sasa, muandike, wote muweke sahihi kwamba kulitunza siyo kulirithi. Au liuzeni likiwa bado zima, hela ikae mahali mgombane na hela, hela haishiki kutu. Na wewe baharia uliye hai, kama unajua mkataba ni wa miaka miwili na hakuna mtu, uza. Nunua lingine ukirudi. Mimi ni fundi nakula kwa magari yenu mabovu, na bado nakwambia uza.

Mlangoni kuna ndoo ya bluu. Nimeweka spana namba 10 thelathini, nimezinunua mwenyewe, siyo za kuuza. Kila familia ichukue moja, ikaifunge kwa kamba chini ya boneti palepale karibu na betri isipotee. Jumamosi asubuhi saa tatu nipo gereji, leteni yule mmoja mliyemchagua, awe mke, awe mdogo wako, awe mama, tutafungua hasi na kuifunga mpaka mkono uzoee. Aje na daftari.

Wanaosafiri kesho, safari njema. Ahsanteni sana.